Kuuza Raba kwa Faida: Mpaka wa Haki Uko Wapi?

Tarehe 22 Februari 2005, duka dogo la Reed Space katika mtaa wa Lower East Side, New York, lilitoa raba ya Nike SB Dunk ya kijivu iliyodariziwa njiwa kisiginoni. Mbunifu wake alikuwa Jeff Staple, na jozi zote zilizotengenezwa zilikuwa takriban 150. Vijana walikuwa wamepanga foleni kwenye baridi kwa siku kadhaa. Siku ya mauzo polisi walilazimika kufika, wanunuzi wakasindikizwa hadi kwenye teksi wasije wakaporwa, na gazeti la New York Post likaiweka habari hiyo ukurasa wa mbele. Wengi wasiokuwa wakusanyaji wa raba ndipo walipojua kwamba kuna watu wanaokesha barabarani kununua kiatu ambacho hawana nia ya kukivaa.

Biashara hiyo sasa imeenea dunia nzima. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kufuatilia bei ya Air Jordan kwenye simu yake kama anavyofuatilia bei ya dola. Anaweza pia kuuziwa feki, kulipia mzigo usiofika, au yeye mwenyewe kumuumiza mwenzake bila kuvunja sheria yoyote. Makala haya yanaeleza soko hili linavyokwenda, mahali ambapo faida ni halali na mahali inapogeuka ulanguzi, pamoja na hatua za kuchukua kwa muuzaji na mnunuzi.

Kiatu kimoja, bei mbili

Bei ya dukani hupangwa na kampuni. Bei ya mtaani hupangwa na wale waliokitaka kiatu wakakikosa. Mwaka 2017 Nike ilishirikiana na mbunifu Virgil Abloh wa chapa ya Off-White kutoa mkusanyiko ulioitwa "The Ten". Air Jordan 1 ya mkusanyiko huo iliuzwa dukani kwa dola 190. Mtaani ikafika maelfu ya dola. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kutengeneza nyingi zaidi, ila uhaba wenyewe ni tangazo: raba inayogombaniwa huzipa jina jozi nyingine zilizojaa rafuni. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kijana anayeuza jozi mbili kwenye Instagram, tukumbuke ni nani aliyeamua kwamba hazitatosha.

Kampuni hiyohiyo ikitaka, inaweza kuizima bei ya mtaani. Dunk Low nyeusi na nyeupe, maarufu kama Panda, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 100 na mwanzoni iliwapa wachuuzi faida nzuri. Nike ikaendelea kuirudisha madukani tena na tena. Mwishowe Panda zikawa zinapatikana mtaani kwa bei ya dukani au chini yake, na waliozirundika chumbani wakisubiri bei ipande wakabaki nazo.

Kati ya muuzaji na mnunuzi wamesimama madalali wakubwa. Flight Club ilianza New York mwaka 2005, ikipokea viatu vya watu na kuviuza kwa kamisheni. GOAT ilianza mwaka 2015 huko California, baada ya mmoja wa waanzilishi wake kuuziwa Air Jordan 5 feki mtandaoni. StockX, ya Detroit, iliingia sokoni mwaka 2016 kwa mtindo wa soko la hisa: mnunuzi anataja bei aliyo tayari kulipa, muuzaji anataja anayotaka, na bei zikikutana kiatu hupelekwa kwanza kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya kumfikia mnunuzi.

Ukaguzi huo husaidia sana, lakini nao hukosea. Nike iliishtaki StockX mwaka 2022, na Machi 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kwamba kampuni hiyo inawajibika kwa kuuza jozi 37 feki za Nike. Muhuri wa dalali hupunguza hatari, hauiondoi.

Kuuza tena si kosa

Aliyenunua kiatu halisi kwa njia halali ana haki ya kukiuza tena. Ndivyo sheria ya Marekani inavyosema, na ndivyo soko la mitumba la Afrika Mashariki linavyoishi. Mchuuzi mzuri pia hutoa huduma: humtafutia saizi mtu mwenye mguu mkubwa, huleta raba katika mji usio na duka la kampuni, huitunza jozi ya zamani hadi apatikane anayeithamini, na hubeba hasara bei ikianguka.

Faida yenyewe mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tuseme umenunua kiatu Marekani kwa dola 180, na kodi ya mauzo ni asilimia 8. Kimekugharimu dola 194.40. Umekiuza kwa dola 250 kupitia soko la mtandaoni linalokata asilimia 13 kwa ada na gharama za malipo. Mkononi unabaki na dola 217.50, yaani faida ya dola 23.10 kabla ya nauli na vifungashio. Bei ikishuka hadi dola 220 tu, umepata hasara ya dola 3. Na ukikiingiza Kenya au Tanzania kibiashara, kuna ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara.

Je, kuna kiwango cha faida kinachopitiliza? Kiatu cha mtoto cha shule ni hitaji, na anayekificha Januari ili akiuze kwa bei ya kukomoa anawaumiza wazazi. Raba ya kukusanya ni anasa. Bei kubwa haimdhulumu mtu aliyeelezwa kila kitu na mwenye uhuru wa kuondoka zake. Kwa hiyo swali la haki katika biashara hii haliko sana kwenye bei. Liko kwenye njia uliyoipata bidhaa na mambo uliyoyaficha.

Maswali manne ya kujipima

*1. Umeipataje?* Siku hizi raba za idadi ndogo huuzwa kwa bahati nasibu au kwenye programu za simu kama SNKRS ya Nike, iliyoanza mwaka 2015. Shabaha ni kila mtu apate nafasi moja. Baadhi ya wachuuzi hutumia boti, yaani programu za kompyuta zinazofungua mamia ya akaunti na kununua kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiiwezi. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya boti mwaka 2016, lakini sheria hiyo inahusu tiketi za burudani na michezo, raba hazimo. Nike yenyewe ilibadilisha masharti yake ya mauzo Oktoba 2022 ili iweze kufuta oda zilizowekwa kwa boti na kuwawekea mipaka wanaonunua ili kuuza tena. Kwa hiyo hata pale ambapo sheria imenyamaza, mwenye boti amevunja masharti aliyoyakubali mwenyewe alipobonyeza kununua, na amewapokonya nafasi waliofuata utaratibu.

Njia ya pili ni mlango wa nyuma: meneja wa duka anawauzia marafiki jozi kadhaa kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, kisha waliolala foleni wanaambiwa mzigo umekwisha. Februari 2021 jarida la Bloomberg Businessweek lilieleza kwamba kijana mmoja mwenye biashara kubwa ya kuuza raba alikuwa mtoto wa makamu wa rais wa Nike aliyesimamia Amerika Kaskazini. Nike ilisema mama huyo alikuwa ameitaarifu kampuni kuhusu biashara ya mwanawe na hakuvunja sera. Hata hivyo alijiuzulu mwezi uliofuata, na wakusanyaji wengi walishapoteza imani kwamba bahati nasibu ni bahati nasibu kweli. Ukiwa mfanyakazi wa duka, au ndugu yako ni mfanyakazi, kaa mbali na jozi ambazo wateja wanazisubiri nje.

*2. Umemweleza nini mnunuzi?* Kuuza feki kwa jina la orijino ni wizi, na kujitetea kwamba nawe uliuziwa hivyo hivyo hakukuondolei wajibu wa kukagua. Ila udanganyifu mwingi ni wa nusu ukweli. Raba ya mtumba iliyofuliwa, ikapakwa rangi na kubandikwa soli upya ni bidhaa nzuri ikiuzwa kama mtumba. Ikipigwa picha kando ya boksi jipya na kuitwa mpya, muuzaji amevuka mpaka.

Kuna jambo wauzaji wengi hulinyamazia: umri wa kiatu. Air Jordan nyingi za zamani, kama namba 3, 4 na 5, zina soli ya kati ya poliyurethani. Malighafi hiyo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Baada ya miaka kumi hivi au zaidi, jozi ambayo haijavaliwa hata mara moja inaweza kupasuka na kumomonyoka siku ya kwanza mitaani. Katika miji yenye unyevu mwingi kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, hali huwa mbaya zaidi. Anayeandika "haijavaliwa" bila kutaja mwaka wa kutengenezwa amesema kweli na bado amedanganya. Mwambie mnunuzi kama kiatu ni cha kuvaa au cha kuweka kabatini.

Halafu kuna oda za kulipia kabla. Kampuni moja ya Oregon, Zadeh Kicks, iliwavutia wateja kwa kuwauzia raba ambazo bado hazijatoka, kwa bei ya chini. Kwa mujibu wa mashtaka ya serikali ya shirikisho mwaka 2022, ilipokea oda za zaidi ya jozi 600,000 za Air Jordan 11 Cool Grey na malipo ya zaidi ya dola milioni 70, wakati jozi ilizoweza kuzipata zilikuwa 6,000 na kidogo. Usipokee pesa ya jozi ambayo huna uhakika wa kuipata. Ukikusanya malipo ya oda, weka pesa hizo kando hadi mzigo ufike, na kama haukufika zirudishe zote.

*3. Aliyekuuzia alijua nini?* Hapa ndipo suala linapoyagusa masoko yetu. Kila asubuhi vijana hupita Gikomba na Toi jijini Nairobi, Karume jijini Dar es Salaam na Owino jijini Kampala wakitafuta raba adimu ndani ya marobota. Mama muuza mitumba anaweza kukuuzia kwa shilingi mia chache kiatu ambacho mkusanyaji atakilipia maelfu. Je, unalazimika kumwambia?

Ujuzi wako nao ni kazi. Uliamka mapema, ulijifunza namba za matoleo miaka mingi, na huenda kumi ulizonunua zikakudodea kabla ya moja kulipa. Mafundisho ya biashara katika Uislamu, yanayofahamika vyema katika miji ya pwani, yana kipimo kinachosaidia: yanakataza kuwatangulia wenye msafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni kuijua bei. Muuza mitumba wa Gikomba yumo sokoni tayari. Anaweza kumuuliza jirani, na wengi siku hizi wanazijua Jordan kuliko wanunuzi. Lakini mtoto wa jirani anayeuza kiatu alichotumiwa na mjomba wake wa Marekani, au mjane anayeondoa vitu vya marehemu, huyo ni mwenye msafara. Mtajie bei ya soko, kisha mpatane. Na muuzaji akikuuliza moja kwa moja kiatu kina thamani gani, yeyote yule, kumjibu uongo ni utapeli, hakuna tafsiri nyingine.

*4. Bei imepandaje?* Mafundisho hayohayo yanakataza najshi, yaani kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo. Katika magrupu ya WhatsApp na Facebook najshi ipo kila siku: rafiki wa muuzaji anaandika kwamba yeye angetoa elfu thelathini, mwingine anadai amekosa sekunde chache tu, na mteja mgeni anaharakisha kutuma pesa. Kupanga bei ya juu ni haki yako. Kutengeneza wateja hewa ni utapeli.

Foleni, watoto na usalama

Mei 1990 jarida la Sports Illustrated liliweka jalada lililouliza kama mtu atatoa raba zake au uhai wake, baada ya vijana kuuawa Marekani kwa sababu ya viatu. Februari 2012, Nike Foamposite "Galaxy" ilipotoka, polisi wa kutuliza ghasia waliitwa kwenye jengo la maduka mjini Orlando, Florida. Mauzo kwa bahati nasibu yalishika kasi miaka iliyofuata kwa sababu foleni zilikuwa zimegeuka hatari.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2006 mchezaji wa mpira wa kikapu Stephon Marbury alitoa raba ya Starbury kwa dola 14.98, na yeye mwenyewe akaivaa kwenye mechi za NBA, ili mtoto wa familia maskini asione aibu kuivaa. Wazazi wana la kujifunza hapo. Mtoto anayekudai Jordan ya bei ya mtaani anahitaji kuambiwa jinsi bei hiyo ilivyotengenezwa, na anahitaji kusikia hapana bila kudharauliwa. Ukimnunulia, mwonye asiivae peke yake usiku au mahali penye uporaji. Ukiuza kwa kukutana ana kwa ana, kutana mchana, mahali penye watu na kamera.

Kama unanunua

1. Dai picha mpya za kiatu chenyewe, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina la muuzaji na tarehe ya siku hiyo. Picha zilizotolewa kwenye tovuti ya kampuni hazithibitishi chochote.
2. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye lebo ya ndani na ile ya boksi. Kwa Nike huwa na herufi au tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu tatu za rangi. Panda ya wanaume, kwa mfano, ni DD1391-100. Namba zikitofautiana, ondoka. Zikilingana, endelea kukagua, kwa kuwa watengeneza feki nao huzinakili.
3. Angalia mishono, gundi iliyomwagika, umbo la sehemu ya vidole na uzito, ukilinganisha na jozi unayojua ni halisi. Mji wa Putian nchini China unajulikana kwa feki zinazowababaisha hata wazoefu, kwa hiyo kwa kiatu cha pesa nyingi mlipe mkaguzi au pitia soko lenye ukaguzi.
4. Usitume pesa zote kwa simu kabla ya kukiona kiatu. Malipo ya M-Pesa kwa mtu usiyemjua ni vigumu kuyarudisha akishayatoa.
5. Piga hesabu ya mwisho: bei, ada, usafirishaji, ushuru. Kiatu cha bei nafuu ng'ambo kinaweza kukufikia kikiwa ghali kuliko cha mchuuzi wa mjini.
6. Ukiweza, subiri. Wiki ya kwanza bei huchemka, na toleo likirudiwa hushuka.

Kama unauza

1. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza risiti ya kila jozi. Ndiyo ushahidi wako siku utakapoambiwa umeuza feki.
2. Andika hali ya kiatu waziwazi: kimevaliwa au la, kimetengenezwa upya wapi, kina umri gani, boksi ni lake au la kuazima.
3. Weka sharti la kurudisha, walau siku chache, kwa kiatu kitakachothibitika kuwa feki.
4. Nunua kwa akaunti yako mwenyewe, na usichukue jozi zote za saizi moja dukani kwa sababu tu mfuko unaruhusu.
5. Usikope mtaji ukiwa na matumaini ya toleo moja. Waliorundika Panda walidhani bei haitashuka.
6. Lipa kodi inayokuhusu. Biashara ya kila wiki si zawadi ya ndugu, hata ikija ndani ya begi la abiria.

Ukishauziwa feki

Usikiuze kwa mwingine ili urudishe pesa zako. Hapo utakuwa umehama kutoka upande wa aliyetapeliwa kwenda upande wa tapeli. Hifadhi mazungumzo, picha na ujumbe wa malipo. Mjulishe muuzaji kwa maandishi na umpe muda wa kurudisha pesa. Kama ulinunua kupitia soko la mtandaoni au kwa kadi ya benki, wasilisha malalamiko mapema, maana muda wa kudai huwa na kikomo.

Akikataa, nchini Kenya unaweza kupeleka taarifa kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inakupa msingi wa kudai haki yako. Tanzania Bara, taarifa za bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kwa aliyechukua pesa na kutoweka, nenda polisi, kwa kuwa huo ni utapeli wa kawaida hata kama bidhaa ilikuwa kiatu.

Mamlaka hizo haziwezi kuingia kila grupu la WhatsApp. Soko hili linaendeshwa na sifa za watu wanaojuana, na wanunuzi wana nguvu kubwa kuliko wanavyodhani: mchuuzi anayejulikana kwa boti, mlango wa nyuma au wateja hewa huishi kwa sababu tu wapo wanaoendelea kumlipa. Kabla ya kutuma pesa, muulize kiatu kimetoka wapi. Mwenye biashara safi atakujibu na kukuonyesha risiti. Anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu, na pesa yako bado iko kwenye simu yako.